Tumekuja Kuomba Mke, na Umeme Kidogo

Nilipokuwa na gari la petroli, ulafi wake ulikuwa siri yangu na yule kijana wa kituo cha mafuta. Nikijaza tangi, nikiweka ya elfu tano, hakuna aliyejua. Sasa gari langu linakula umeme, na nyumba nzima tunayopanga pale Tabata inajua limekula nini, limeanza saa ngapi, na kwa nini friji ya mama wa chumba cha mbele imezimika na samaki wake ndani.

Tuko familia tatu na mita moja ya LUKU. Kabla ya gari, mchango wetu ulikuwa umeshatulia: mwenye friji elfu kumi na tano, sisi wa pasi na feni elfu nane, na babu wa chumba cha uani, mwenye balbu moja na redio, elfu mbili, ambazo hata hizo alizitoa akinung'unika kwamba redio yake ni ya betri. Ndipo nikaleta Nissan Leaf iliyotumika, kutoka Japani, na yule dada wa Kijapani aliyemo ndani yake, ambaye kila nikiwasha ananiuliza kadi ya kulipia barabara za kwao.

Magari haya yalianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, na yale ya mwanzo yana betri ya kilowati-saa 24. Kwa lugha ya nyumbani kwetu, uniti 24. Wajapani walipoipima ile ya kwanza walisema inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Wamarekani wakaipima kwa vipimo vyao, wakapata 117. Mimi, kwa betri iliyozeeka na joto la Dar, napata kama 80, nikiwa peke yangu na sijala. Betri yenyewe haina feni wala maji ya kuipoza, kwa hiyo jua huila taratibu, na kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya kukuonyesha imebaki kiasi gani. Langu lilishuka melini na vijistari 9. Aliyeniuzia alinitazama usoni bila kupepesa, akasema, "Kaka, 9 juu ya 12 ni daraja B."

Usiku wa kwanza niliwaza kwamba kuchaji gari ni sawa na kuchaji simu, tofauti ni ukubwa tu. Waya uliokuja nalo ulikuwa wa Japani, wa volti 200 na ampea 15. Nikakata kichwa chake, nikafunga plagi yetu ya pini tatu, nikachomeka kwenye ekstensheni iliyokuwa tayari imebeba televisheni na king'amuzi. Fyuzi ya plagi ile ni ya ampea 13. Hesabu hiyo niliijua baadaye, saa saba usiku, mke wangu aliponiamsha na kuniuliza nani anachoma ndala. Hakuna aliyekuwa anachoma ndala. Ekstensheni ilikuwa imelainika na kukumbatia plagi, na king'amuzi kinanuka hadi leo.

Fundi umeme alikuja asubuhi, akacheka kwanza, ndipo akashusha mkoba. Akavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye meni swichi, akaweka breka yake. Kisha akauliza, "Athi iko wapi?" Nyumba nzima, tangu ijengwe, haikuwahi kuwa na athi. Nilinunua waya mwingine wa kuchajia, huu unaweza kupunguzwa hadi ampea 8, lakini nao ukawa unawasha taa nyekundu tu na kugoma: bila athi hautoi kitu. Basi fundi akachimba kishimo nyuma ya bafu, akagongelea fimbo ya shaba kwa nyundo mpaka ikabaki kiganja kimoja juu, akamwaga mkaa na chumvi, akamalizia na ndoo ya maji. Babu wa uani alisimama muda wote mikono nyuma. Alipoona chumvi, akarudi ndani na kufunga mlango. Wiki nzima hakupokea salamu yangu.

Ugomvi wa mchango ulikuja wenyewe. Shilingi elfu kumi kwetu hupata uniti 28, na hizo hunipeleka zaidi ya kilomita 130, wakati kwa petroli ningepewa lita tatu na kitu. Nilifurahi sana na hesabu hii mpaka nilipofanya kosa la kuisema kwa sauti uani. Mama wa chumba cha mbele alikuwa anaosha vyombo. Akaacha sufuria, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo zile uniti 28 tulizoweka Jumapili ndizo zilizokupeleka Kibaha?" Jumanne yake niliweka sabumita. Nilifunga mbele ya mashahidi, na mpaka leo kuna mtoto wa darasa la nne anayetumwa kila jioni kuisoma na kutangaza namba kwa sauti.

Niseme pia, kwa haraka maana ni aibu, kwamba gari hili lina betri mbili. Iko ile kubwa, na iko nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, ambayo kazi yake ni kuamsha ile kubwa. Ndogo ikifa, kubwa hata kama imejaa pomoni haisaidii kitu. Asubuhi moja nimechaji usiku kucha, gari limekuwa gogo. Kilichonitoa ni kubusti kwa bajaji, na dereva wake ameifanya hadithi kijiweni: bajaji imezindua gari.

Lakini hayo yote yalikuwa mazoezi. Shughuli yenyewe ilikuwa Bagamoyo.

Mpwa wangu alipata mchumba huko, ikabidi tupeleke posa. Washenga tulikuwa wanne: mimi, shangazi, na wazee wawili wa kanzu na makoti. Kulikuwa na gari jingine, lakini shangazi alichagua langu kwa sababu halina moshi na nguo zake zilikuwa zimefukizwa udi. Kutoka kwetu mpaka kule ni kama kilomita 70. Dashibodi ilisoma 88. Nikaona kumi na nane za ziada zinatosha.

Mzee wa kwanza alipoingia aliomba kiyoyozi. Nikawasha, 88 ikawa 79. Bunju barabara ilifunguka, nikakanyaga kidogo kwa sifa, namba ikaanza kuporomoka kama bei ya nyanya msimu wa mavuno. Mapinga nilikuwa nimebakiwa na kilomita 22, na safari imebaki 25. Nikazima kiyoyozi kimya kimya. Shangazi alivumilia kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, udi umegeuka jasho." Kerege, namba zikafutika kabisa, vikabaki vistari vitatu vinavyopepesa. Tulipoingia mjini ikawaka taa yenye picha ya kobe. Sifanyi utani, waliolitengeneza waliweka kobe: akitokea, gari linakwenda mwendo wake. Mzee mmoja wa baiskeli aliyebeba nazi alitupita, akageuka kutuangalia kwa huruma.

Desturi ya posa mnaijua. Mnakaribishwa, mnakaa, mnakunywa, na mshenga anazunguka mbali: tulikuwa tunapita, tukaona ua kwenye bustani yenu. Sisi hatukufika kwenye ua. Kabla wazee hawajavua viatu nilikuwa nimeshamvuta kando baba wa binti na kumwomba soketi. Akatazama waya mkononi mwangu, wa rangi ya chungwa, mnene kama nyoka aliyeshiba. Akawatazama washenga. "Mmekuja kwa ajili ya nini hasa?" akauliza. Mzee wetu akasema tumekuja kwa jambo la kheri. "Na huo waya?" "Nao ni wa kheri," akajibu mzee, ingawa sauti yake haikuwa na imani.

Waya ukapitishwa dirishani. Saa sita na nusu, mshenga akiwa amekaribia kabisa kwenye bustani, feni ikapungua, ikapungua, ikasimama. Tukadhani umeme umekatika. Akaingia mtoto: "Kwa jirani upo! LUKU imeisha!" Mama wa nyumba akasema mbona jana tu wameweka uniti kumi. Hakuna aliyejibu. Macho yote yalianza kwenye soketi, yakafuata ule waya wa chungwa sakafuni, yakapanda dirishani, yakatoka nje mpaka kwenye pua ya gari langu.

Nilinunua ya elfu ishirini kwa simu. Mtandao ukanizungusha robo saa, nimesimama barazani na mkono juu kama ninayeapa. Tokeni ilipofika, baba mkwe mtarajiwa alipanda kigoda mwenyewe, shangazi akamsomea tarakimu ishirini kutoka kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. "Nane au tatu?" "Tatu." Mita ikakataa. "Basi itakuwa nane." Mara ya tatu ikakubali, feni ikaamka, na mshenga akalazimika kurudi mwanzo, kwamba tulikuwa tunapita.

Mahari ilikubaliwa. Walitaja msahafu, kitanda, mkaja wa mama na kilemba cha babu, na mjomba wa binti akaomba iandikwe pia kwamba mwenye gari asije siku ya harusi bila uniti zake.

Saa nane umeme ukakatika kweli, mtaa mzima, nikamshukuru Mungu kwamba safari hii si mimi. Ulirudi usiku, baada ya isha. Washenga wenzangu walikuwa wameshapanda basi zamani, shangazi bila kuniaga. Mimi nikatandikiwa mkeka ukumbini, karibu na soketi, nikalala nikisikiliza mita ikilia kwa taratibu.

Alfajiri mama wa nyumba alinigusa bega. Nikajua nimekaribishwa chai. Alikuwa na hita mkononi na ndoo ya maji miguuni.

"Baba, limeshiba? Basi lichomoe, watu wanataka kuoga."