Milioni 100 Wameingia, Nani Kauliza pa Kutokea?

Jamani, jamani! Binadamu wa leo hata tongotongo hajafuta, tayari keshahama mtandao. Mnaikumbuka ile Julai ya 2023? Meta, wenye Instagram, walifungua mtandao wao mpya, Threads, jioni ya tarehe 5 kwa saa za Marekani. Huku kwetu ilikuwa saa nane usiku, tarehe 6 imeshaingia. Kulipokucha kijiwe kizima kimeinamia simu. Kahawa inapoa, na ingawa ni msimu wa usajili wa wachezaji, hakuna anayeuliza Simba kamleta nani wala Yanga kamwacha nani. Swali ni moja tu: "Umeingia? Namba yako ya ngapi?"

Namba! Mh! Kila aliyejiunga alibandikiwa kwenye wasifu wake wa Instagram namba ya kuonyesha amekuwa mtu wa ngapi kuingia. Basi ikawa ndiyo cheo. Wa milioni mbili na ushee anamcheka wa milioni kumi na tano, anamwita mshamba. Watu wazima hao, wana watoto shuleni, wanagombea kutangulia mahali ambapo hakuna kinachogawiwa.

Na Mark Zuckerberg, bosi wa Meta, naye hakuacha moto upoe. Saa mbili za kwanza akatangaza milioni 2, saa saba milioni 10. Siku tano hazijatimia, milioni 100! Sasa ukiwauliza hao milioni 100 wamefuata nini, wanakuangalia kama wewe ndiye mgonjwa.

Maana ndani kulikuwa na nini? Tobaa! Hashitegi hakuna. Kutafuta habari kwa mada hakuna, utatafuta majina ya watu basi. Hakuna hata pa kuwasoma wale tu uliochagua kuwafuata. Unafungua, unamwagiwa makampuni na mastaa wa Marekani usiowajua hata kwa sura, na bando lako linateketea. Na kubwa kuliko yote kwa watu wetu: DM hakuna.

Hapo ndipo nilipomwonea huruma dada mmoja muuza vitenge. Instagram kaizoea: anatupia picha, chini yake anaandika "bei njoo DM". Akahamia Threads na vitenge vyake vyote, akaandika vilevile, "bei njoo DM". Wateja wanamuuliza, DM yenyewe iko wapi? Nikamwambia, mwanangu, si uandike bei hapo hapo watu waione? Akanitolea macho. "Aka, mjomba! Niandike bei hadharani, wenzangu waione?" Loh! Hii tabia ya kuficha bei sijui tuliambukizwa na nani. Mtandao mzima umejaa bidhaa, bei ni siri ya serikali.

Wengine nao wameingia hawana la kusema. "Hamjambo huku?" "Jamani, naonekana?" "Nifuateni nami niwafuate." Wakimaliza salamu, wanaleta vichekesho vilevile tulivyovisoma Twitter tangu Pasaka.

Ila nisiwaonee, walikotoka nako kulikuwa kunachoma. Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akageuka kama yule mwenye nyumba mpya anayepandisha kodi kabla hajaziba hata bomba linalovuja. Tiki ya bluu ikawa ya kulipia dola 8 kwa mwezi. Julai 1, 2023 akatangaza kwamba asiyelipia atasoma posti 600 tu kwa siku. Yaani mtu anapimiwa kusoma! Meta wakaona mlango umejileta wenyewe, siku nne baadaye wakafungua wa kwao.

Halafu wakubwa wenyewe, yarabi! Mabilionea wawili wametunishiana misuli hadharani kwamba watapigana ulingoni, na ngumi zenyewe hazijapigwa hadi leo. Zuckerberg, ambaye alikuwa hajaandika kitu Twitter kwa miaka kumi na moja, akarudi siku ile ya uzinduzi kutupia picha ya Spider-Man wawili wakinyoosheana vidole. Wakili wa Twitter naye kashatuma barua ya kutishia kushtaki. Na vijana wetu hapa kijiweni wakagawanyika, huyu timu Musk, huyu timu Zuckerberg, wanatoleana maneno makali hadi mate yanaruka. Kwa faida ya nani? Hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kumnunulia mtu hapa hata andazi.

Lakini haya yote ni ya kutikisa kichwa tu. Lililonikera kweli ni jingine. Ukishajiunga, kuifuta akaunti ya Threads ilikuwa lazima ufute na Instagram yako. Tafakari hilo kwa yule dada wa vitenge, ambaye Instagram ndiyo duka lake na ndiyo ada ya watoto wake. Amebonyeza mara moja asubuhi, amefungwa. Na si kwamba walificha, liliandikwa. Liliandikwa pia kwamba programu inaweza kukusanya mahali ulipo, unachotafuta, mambo ya fedha, hata ya afya. Nani kasoma? Watu walikuwa wanakimbilia namba!

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya hawakuwa na haja ya kukimbilia. Sheria zao ziliifanya kampuni isite, hawakufunguliwa mpaka Desemba 14, na walipofunguliwa waliruhusiwa kusoma hata bila kufungua wasifu. Sisi tulifunguliwa usiku wa kwanza, kwa masharti yote, na tukashangilia.

Kabla Julai haijaisha, Zuckerberg mwenyewe akawaambia wafanyakazi wake kwamba hata nusu ya wale waliojiandikisha hawakubaki. Ruhusa ya kufuta Threads huku ukibaki na Instagram yako ilikuja Novemba, miezi minne baada ya watu kuingia.

Mtandao mwingine unakuja, huo hauna mjadala. Siku ukija, ndugu yangu, kabla hujaweka jina wala picha, tafuta kwanza pameandikwa nini kuhusu kufuta akaunti. Usipopaona, usijiandikishe.