Jinsi ya Kumaliza Ubishi wa Valvu na Transista

Mmoja anaapa kwamba amplifaya ya valvu ndiyo yenye uhai. Mwenzake anashikilia kwamba transista ndiyo haidanganyi. Kabla hawajakunjana mashati, wapitishe katika hatua hizi.

1. Tundika pazia. Valvu zikianza kung'aa rangi ya chungwa, macho hutoa hukumu kabla ya masikio. Ila usizifunike kwa kitambaa: kioo chake huunguza.

2. Sawazisha sauti. Inayovuma zaidi, hata kidogo tu, huonekana tamu zaidi. Pima kwa mita kwenye waya za spika; usikubali kukisia.

3. Anza na sauti ya wastani. Hapo amplifaya mbili zilizoundwa vizuri hukaribiana mno. Mwaka 1985, mhandisi Mmarekani Bob Carver aliirekebisha amplifaya yake ya transista hadi ikafanana na ya valvu iliyochaguliwa na jarida la Stereophile. Wahariri wakasikiliza, wakashindwa kuzitofautisha. Mbishi akinuna, msogeze karibu na spika asikilize tena.

4. Sasa chomeka gitaa, upandishe sauti mpaka amplifaya ielemewe. Tofauti iko hapa. Transista ikifika ukomo hukata kilele cha wimbi ghafla, kama panga, na sauti hukwaruza. Valvu hukibana polepole. Noti hunenepa, na ukipunguza nguvu ya kidole, ukali nao hupungua. Ndiyo maana Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, aling'ang'ania amplifaya ya Vox AC30, yenye wati 30 na valvu nne za EL84.

5. Mbishi wa valvu akianza kushangilia, mtajie mpiga gitaa B.B. King. Alipiga kwa miaka mingi kupitia amplifaya ya Lab Series L5, ambayo ni ya transista, na gitaa lake Lucille likalia vilevile.

6. Bisibisi iwekwe mbali. Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti mia kadhaa, na kapasita huweza kushikilia umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mwachie fundi.

Hukumu ni hii: kwa kusikiliza rekodi nyumbani, transista inatosha, na fedha inayobaki iende kwenye spika. Kwa mpiga gitaa anayetaka sauti ielemewe kwa utamu, valvu inastahili bei yake, mradi mgongo wake uweze kubeba transfoma nzito za amplifaya hiyo.