Kucha Zisizoonekana

Mwanamke mwenye busara wa Dodoma hapaki kucha nyekundu. Hujifungia chumbani na jeli ya rangi ya mwili, akapaka tabaka la msingi, mawili ya rangi na moja la kung'arisha, kila moja likikaushwa kwa taa ya mionzi, umeme wa LUKU ukiruhusu. Saa moja na nusu baadaye, kucha zinafanana na zilivyokuwa asubuhi. Mafanikio yaliyoje!

Tena ni uzalendo. Septemba 2018 Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni, Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, akiwa ameeleza madhara yake. Taifa likapumua. Maji na bei ya alizeti ni mambo ya kusubiri, ukucha hausubiri. Jeli si kucha ya bandia, ni kweli, lakini mlinzi wa mlangoni si mkemia.

Na nywele za wabunge wazee zinazoamka nyeusi tii kila Jumatatu ya kikao? Hizo ni kudra.

Na asetoni ikija kuibandua jeli, mkwanguaji asiye na subira huondoka na tabaka la juu la ukucha wenyewe. Kinachobaki ni asili tupu, hata Spika angeipitisha.