Uso Wangu, Bawasiri ya Watu

Mama mkwe alipiga simu jana usiku, taarifa ya habari ikiwa ndiyo inaanza, na shikamoo yangu haijafika mwisho akanipa pole. Pole ya nini, mama? Akakohoa. Mkwe wa Kitanga hataji jambo la chini ya mkanda mbele ya mume wa bintiye, hulizunguka. Akauliza kama kiti cha ofisini ni kigumu. Akauliza kama nakula mboga za majani. Mwisho akashusha sauti: "Baba Salma, maradhi kaumbiwa mja. Usione haya kukalia mto."

Kumbe ameona tangazo. Kwenye programu ya kuchati anayotumia ukoo mzima, kati ya salamu za Ijumaa na picha za harusi ya Muheza, ilimtokea dawa ya asili ya bawasiri, na juu yake uso wangu: picha ileile ya wasifu, kanzu ya Idi, tabasamu la mtu aliyepona. Kando yake jina langu kamili, na neno "anapendekeza". Mimi bawasiri siijui. Ninayemjua ni muuzaji, binamu yangu, ambaye alipofungua ukurasa wa duka lake nilimbonyezea dole gumba ili asijione yatima. Kwa mtambo, dole gumba la binamu na ushuhuda wa mgonjwa ni kitu kimoja. Kufikia asubuhi shangazi watatu walikuwa wameniombea dua, shemeji ameleta papai, na kwenye kundi la ukoo ulikuwa unaendelea mjadala wa upasuaji ambao mimi sikualikwa kuchangia.

Nikakaa kuyasoma masharti ya programu hiyo. Kifungu kinasema picha ni mali yangu, kisha kinaipa kampuni leseni ya dunia nzima, isiyo na malipo, inayohamishika, na inayoiruhusu kumkatia mwingine leseni. Yaani nyumba ni yako, lakini mpangaji halipi kodi, hana siku ya kuhama, na ana ruhusa ya kupangisha vyumba.

Na bado, jinsi programu yenyewe inavyofanya kazi inavutia mno. Picha ya wasifu anayoiona shangazi hairuki kutoka simu yako kwenda yake. Inapandishwa kwenye seva, inanakiliwa seva nyingine ili ya kwanza ikizimika isipotee, inabanwa iwe nyepesi, inageuzwa muundo ili simu kuukuu ya shangazi iweze kuifungua. Kila hatua, kwa macho ya sheria ya hakimiliki, ni kunakili, kurekebisha au kuonyesha kazi ya mtu, na haki hizo ni za mwenye kazi. Bila leseni, kampuni ingekuwa inakuibia kila sekunde. Ujumbe wenyewe unaweza kufungwa kwa namna ya ajabu zaidi: ufunguo unakaa ndani ya simu ya mpokeaji, kampuni katikati inabeba makorokocho isiyoweza kuyasoma. Hivyo siri yangu na mke wangu iko salama. Uso wangu wa wasifu, jina langu na madole gumba yangu havikuwamo kwenye kufuli hilo.

Hadi kwenye kubana picha sina ugomvi. Ugomvi ni kwamba ruhusa ileile ya kubana imetanuliwa mpaka ikafika kwenye makalio yangu.

Si mimi wa kwanza. Mwaka 2012 Mmarekani mmoja alitania kwenye Facebook kuhusu pipa la galoni 55 la mafuta ya faragha za chumbani, rafiki zake wakaanza kuliona kama tangazo lenye jina lake. Kesi ya matangazo ya aina hiyo ilifikia suluhu ya dola milioni 20, iliyoidhinishwa mwaka 2013, na kila aliyedai akapata kama dola 15. Uingereza, tarehe 1 Aprili 2010, duka la michezo ya kompyuta la Gamestation liliingiza kifungu cha mteja kukabidhi roho yake. Maelfu walikabidhi. Baraza la watumiaji la Norway lilisoma kwa sauti masharti ya programu za simu moja ya kawaida mwaka 2016: karibu saa 32.

Na Mmarekani yule na wateja wale wa Uingereza waliandikiwa masharti kwa lugha yao. Masharti yangu yameandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Kiswahili kimeachiwa kitufe kimoja tu, "Nakubali". Waliona tunastahili kueleweshwa mahali pa kukubali peke yake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara, lakini haki hiyo haina kitufe.

Kuhama nako tulishajaribu: mwaka 2021, WhatsApp ilipobadilisha sera yake ya faragha, ukoo wetu ulihamia programu ya Signal kwa hasira. Tulirudi kwa sababu bibi alibaki.

Nimejaza fomu ya malalamiko. Ili kuthibitisha kwamba uso ule ni wangu, wanataka picha mpya: bila kofia, mwanga wa kutosha. Mke wangu ameshika taa, tumepiga sebuleni. Imetoka nzuri kuliko ya Idi. Naogopa wataipenda.