Ya Kupanda au ya Kushuka?

Mimi na madaktari tuna kesi, na kesi yenyewe ni ya irabu moja. Presha ikizidi wanaiita haipatensheni. Ikipungua mno, haipotensheni. Sukari ikipanda, haipaglaisemia, ikishuka, haipoglaisemia. Tezi ya shingoni ikichapa kazi kupita kiasi mpaka ukakonda na moyo ukaenda mbio, hiyo ni haipa. Ikizembea mpaka ukanenepa na kusikia baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, hiyo ni haipo. Potasiamu ya damuni nayo ina haipa yake na haipo yake, na zote mbili zinachezea mapigo ya moyo. Kila penye hatari mbili zinazopingana, wamezipa jina moja wakabadilisha irabu tu. Kisha wanakutajia kwenye korido ya kliniki, feni inapiga kelele, mtoto wa watu analia, na daktari mwenyewe amevaa barakoa na anaongea huku ameliinamia faili.

Shangazi yangu ana kisukari, na ana ulimi. Siku ya shughuli nyumbani kwetu alijichoma insulini yake asubuhi, halafu akagoma kula chochote, eti anaisubiri pilau. Pilau ikachelewa, kama ilivyo desturi ya pilau. Saa tano akaanza kutoka jasho, mikono ikamtetemeka, akawa anagombeza watu wasio na kosa. Hilo la mwisho halikumshtua mtu, maana ndivyo alivyo hata akiwa mzima. Mdogo wangu anayesomea udaktari ndiye aliyeng'amua, akamtoboa kidole, akaangalia kipimo. Tatu kamili. Akapaza sauti: "Hii ni haipo!"

"Haipo nini, baba?" Shangazi akauliza kwa sauti ya kukatika. "Pilau?"

"Haipoglaisemia, Shangazi! Leteni soda!"

Soda ikaja, lakini binamu yangu, ambaye masikio yake yalinasa "haipa" na ambaye siku hizi ni mtaalamu wa kila kitu, akaidaka njiani. Mtu sukari imepanda, mnampa soda, mnataka kumuua? Wakavutana. Mmoja anamimina, mwenzake anafunika bilauri kwa kiganja, na Shangazi kakaa katikati anawaangalia kwa macho yaliyoanza kulegea. Mwisho jirani yetu mmoja, mama wa makamo ambaye darasa la biolojia hakuliona, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ya kupanda au ya kushuka?" Ya kushuka, akajibiwa. "Sasa si mumpe anywe!"

Akanywa. Robo saa baadaye kipimo kikapita tano, na Shangazi akaendelea kugombeza pale alipoishia, safari hii akianza na wenye makosa.

Nikaapa kuwatafuta Wagiriki niwashitaki. Kwao "hyper" ni juu, "hypo" ni chini. Lakini kila nilivyochimba, ndivyo nilivyokuta washitakiwa wangu hawana hatia. Mgiriki wa leo presha ya kupanda anaiita "ipertasi" na ya kushuka "ipotasi", na sauti anaikaza palepale penye "pe" na penye "po". Hata mzee mwenye masikio mazito atajua ni ipi. Ni Mwingereza anayekaza "hai" kisha akaimeza silabi inayofuata, na hiyo ndiyo yenye ujumbe. Sisi tumeyapokea maneno yakiwa yameshatafunwa.

Tena huyo Mgiriki wa kale presha yenyewe hakuwahi kuipima. Kile kitambaa cha kubana mkono alikitangaza Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov ndiye aliyeonyesha mwaka 1905 namna ya kusikiliza mshipa huku kitambaa kikilegezwa. Neno "tensheni" nalo ni la Kilatini. Kichwa cha Kigiriki, kiwiliwili cha Kirumi, na wazazi wote hawakuwepo kwenye harusi.

Hippocrates wa kisiwa cha Kos, anayeitwa baba wa utabibu, tungemsamehe kabisa kama si jina lake. Ndani yake mna "hippo", yaani farasi, ambayo haihusiani na juu wala chini. Ndiyo hiyo iliyompa kiboko jina lake la kitaalamu, farasi wa mtoni, na ndiyo iliyoipa jina sehemu ya ubongo inayotusaidia kuhifadhi kumbukumbu: hipokampasi, kwa kuwa umbo lake linafanana na la farasi wa baharini. Kwa hiyo ili nisichanganye haipa na haipo, nategemea hipo.

Najua jibu la madaktari. Daktari wa Mwanza na wa Osaka lazima waelewane. Sawa, waelewane, waandikiane hata kwa Kigiriki chote. Lakini mgonjwa na anayemuuguza wana kupanda na kushuka, maneno mawili ambayo hata feni ikilia hayagongani. Kuna ubaya gani yakiandikwa kwenye kadi, kwa herufi kubwa, juu ya hayo mengine?

Mdogo wangu nilimkalisha anifafanulie yote hayo na dalili zake. Kufika katikati nikawa nasikia kiu, jasho, baridi na moyo kwenda mbio, vyote kwa pamoja. Akanitazama, akaniambia ninayo haipo moja tu: haipokondria, hofu ya magonjwa usiyokuwa nayo. Maana yake chini ya gegedu za mbavu, kwa sababu matabibu wa zamani waliamini huzuni na wasiwasi vinatokea huko. Nikamwambia hao wazee walikuwa wakweli, maana hapo hapo chini ya mbavu pananiuma tangu nilipomaliza sahani ya tatu ya pilau.