Barua kutoka Bonn: Sanduku Lifunguliwe Mara Moja Tu

Huko nyumbani Bonn inajulikana kwa sikio. Tangu Deutsche Welle ilipohamia hapa kutoka Cologne mwaka 2003, msikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili, awe Kigoma au Lamu, amelisikia jina la mji huu mara nyingi bila kuwa na sura yake kichwani. Sura ni hii: mji mtulivu wenye miti mingi, ambako mtu akitoka kwenye jengo hilo la redio na kutembea dakika chache anafika ukingoni mwa mto Rhine. Akikaa kwenye benchi la hapo majira ya kiangazi, hatamaliza mkate wake kabla haijapita meli ndefu, nyeupe, bapa, iliyojaa wazee.

Wazee hao sasa ni mada ya kudumu katika kundi la WhatsApp la ukoo mmoja wa Tanga. Kijana wao anasoma Cologne, na mwisho wa juma hujipatia nauli na chakula kwa kubeba masanduku ya abiria wa meli za mtoni, akiyatoa melini na kuyapakia kwenye mabasi. Alipotuma picha ya meli moja, shangazi yake alijibu kwa sauti, baada ya kwanza kuulizia afya, baridi, na kama bado anaswali.

"Sasa mwanangu, hao wazee wanakwenda wapi?"

"Wanatoka Basel, Uswisi, wanakwenda Amsterdam, shangazi."

"Amsterdam kuna nini?"

"Ndege ya kuwarudisha kwao."

Shangazi hakuridhika, na ana haki. Treni hutoka Basel ikafika Amsterdam kwa saa saba hivi. Meli huchukua juma zima. Kwa juma hilo, kampuni za Kijerumani zisizo na makuu hudai euro 1,000 na ushei kwa kila kichwa, na zinazowalenga Wamarekani huweza kuvuka 4,000 bila haya. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyefanya kazi maisha yake yote na ambaye kikokotoo cha pensheni kilimtendea haki, alipe zaidi ili achelewe zaidi?

Vijitabu vya matangazo vina jibu tayari: ngome za kale, mvinyo, makanisa, utamaduni. Abiria nao wakiulizwa hurudia hayo hayo, na hawasemi uongo. Lakini mbeba masanduku huijua safari kwa mgongo, na kijana wa Tanga anashikilia kuwa kinachonunuliwa hasa ni kutofunga mizigo. Mzee wa miaka 72 akitaka kuona Strasbourg, Koblenz na Cologne kwa njia yake mwenyewe, itambidi apandishe sanduku ngazi za stesheni, atafute hoteli, alifungue, alifunge, na kesho aanze upya. Melini hutundika mashati yake kabatini Basel, na mashati hayo huvuka nchi nne bila kukunjwa. Hoteli ndiyo inayohama. Kisha hoteli hiyo hutia nanga mjini kabisa: Cologne, abiria akishuka tu, kanisa kuu lililoanza kujengwa 1248 na kumalizika 1880 linamsimamia mbele, mita 157 kwenda juu. Na kwa kuwa mto hauna mawimbi ya maana, hakuna anayetapika.

Hayo meli zote hutoa. Ugomvi huanza pale mteja anapotakiwa kuchagua moja kati ya nyingi, kwa sababu meli za mtoni zinafanana mno, na wa kulaumiwa ni wahandisi wa mifereji. Mwaka 793 mfalme Charlemagne aliwachimbisha watu wake mfereji wa kuunganisha maji yanayokwenda Rhine na yanayokwenda Danube. Mfereji wa kweli, wenye urefu wa kilomita 171, ulikamilika mwaka 1992, na hata serikali zetu haziwezi kujivunia mradi uliochelewa kiasi hicho. Ili kupanda na kushuka milima, meli huingia katika chemba za zege. Lango hufungwa nyuma yake, maji huongezwa au hupunguzwa, meli hupanda au hushuka nayo, kisha lango la mbele hufunguliwa. Chemba za mfereji huo zina upana wa mita 12. Basi meli hutengenezwa na upana wa mita 11.4 na ushei, urefu usiozidi 135, na kimo cha kupita chini ya madaraja. Kwenye madaraja mafupi zaidi chumba cha nahodha huzamishwa ndani ya meli kwa mitambo, na viti vya sitaha ya juu hulazwa.

Meli za baharini hushindana kwa ukubwa: hii ina bwawa la kuogelea, ile ina mabwawa saba. Huku ukubwa umeamuliwa na zege. Kampuni ya AmaWaterways ilithubutu mwaka 2019 kuleta AmaMagna, meli yenye upana wa mita 22, na adhabu yake ni kwamba haitoki Danube. Haiwezi kupenya kuja Rhine kusalimia wenzake.

Hapa barua hii inaomba kuchepuka kidogo kwa ajili ya watu wa Kigoma. Meli nyingi za mtoni za kampuni ya Viking zilijengwa Rostock, katika karakana ya Neptun, wakati ilipokuwa chini ya familia ya Meyer ya Papenburg. Meyer hao hao ndio waliojenga mwaka 1913 meli iliyofunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli mpaka ziwa Tanganyika. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kwa hiyo mtu wa Kigoma akipita Bonn na kuona meli za Viking, ana haki ya kuulizia habari za ndugu.

Turudi kwa wateja. Kwa kuwa meli ni ileile, macho huhamia kwenye mambo madogo, na hapo ndipo wazee waliotulia hugeuka mawakili. La kwanza ni dirisha. Vyumba vya chini kabisa ni nafuu; dirisha lake ni jembamba, liko juu karibu na dari, halifunguki, na bata wa mtoni hupita kwenye usawa wa macho. Lifti, kwenye meli nyingi, haifiki huko. Juu zaidi kuna vyumba vyenye kile kinachoitwa roshani ya Kifaransa. Mswahili akisikia roshani huwaza mahali pa kuweka kiti, kahawa na jamvi la mazungumzo. Roshani ya Kifaransa ni mlango mkubwa wa kioo ambao ukiufungua unakutana na chuma cha kuzuia usianguke. Hakuna pa kukanyaga. Watu huilipia mamia ya euro za ziada, na wanaofahamu mambo husema inafaa, kwani chumba ni kidogo na hewa ya mto ni tamu.

Isipokuwa usiku gati likijaa. Meli huegeshwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, pengine zaidi, na anayetaka kushuka kutoka ile ya nje hukatiza sebule za zilizo ndani bila hodi. Aliyelipia mandhari ya mto hufungua pazia asubuhi na kukuta mandhari ni Mwaustralia mwenye nguo za kulalia, naye ameshika mswaki, naye amelipia mandhari.

Dirisha likiisha, linakuja suala la bili. Wamarekani wengi wanataka bei moja iliyomeza kila kitu: mvinyo wa mezani, ziara za mijini, intaneti, hata bakshishi. Kampuni nyingine huuza safari kwa bei ndogo na kuyatoza hayo moja moja, na zina wateja wao waaminifu wasiotaka kulipia bia ya jirani. Bakshishi ndiyo inayowasha moto zaidi. Pasipojumlishwa, abiria hupendekezewa euro 10 hadi 15 kwa siku, kila mtu. Mume na mke kwa siku saba hiyo ni kati ya 140 na 210, ikiwaendea wahudumu ambao wengi wametoka Ufilipino, Indonesia, Romania au Bulgaria na wamekwisha kukariri, kufikia siku ya pili, nani hanywi maziwa. Anayetoka mbali kiasi hicho kubeba sahani anastahili bakshishi, jambo ambalo mbeba masanduku wa Tanga analiunga mkono kwa moyo wote.

Anayesafiri peke yake ana kilio chake. Vyumba vimejengwa kwa watu wawili, kwa hiyo mjane au mseja hutozwa nyongeza, wakati mwingine asilimia 100. Wabongo wataelewa haraka: ni kuchangia harusi kadi ya dabo, ukaenda singo, na chakula cha mwenzako usikione. Ndiyo maana tangazo la safari isiyo na nyongeza hiyo husomwa na wajane wa nchi tatu kwa siku moja.

Kisha kuna swali ambalo halimo vijitabuni lakini ni zito: nitakaa na nani mezani? Abiria kwa kawaida hawafiki 200, chumba cha chakula ni kimoja, na mto hauna mahali pa kumkimbilia mtu anayesimulia upasuaji wake wa goti. Viking, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Torstein Hagen wa Norway, imejenga jina lake kwa kutangaza visivyokuwamo: hakuna kasino, na hakuna abiria wa chini ya miaka 18. Hili la watoto lilimshinda shangazi kabisa. Bibi asafiri juma zima bila mjukuu hata mmoja wa kumtuma miwani? Kijana alimjibu kwamba wamelipia hivyo. Kimya kikapita kundini, kisha shangazi akauliza ni kiasi gani.

Ziara za nchi kavu nazo zina siasa yake. Kila abiria huvaa kifaa cha sikioni, na mwongoza watalii hutangulia na kibao chenye namba. Kampuni nyingi hugawa makundi kwa mwendo: wanaokimbia, wanaotembea, na wanaokwenda pole. Hakuna mzee anayejiandikisha kundi la pole siku ya kwanza. Siku ya tatu, baada ya mawe ya barabara za Strasbourg, kundi la pole limejaa na nafasi zinagombewa.

Mto wenyewe? Meli husafiri sana usiku, ili asubuhi watu waamkie mji mpya, kwa hiyo sehemu kubwa ya mto uliolipiwa hupita watu wakikoroma. Kipande kimoja tu hakuna kampuni inayothubutu kukipita gizani: kilomita 65 kati ya Rüdesheim na Koblenz, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2002. Hapo wote hupanda juu na mablanketi. Ngome zimejipanga kila kona, na nyingi zilijengwa na mabwana waliotaka ushuru wa kila chombo kilichopita. Iliyo dhahiri kuliko zote ni Pfalzgrafenstein, iliyokaa katikati ya maji mkabala na mji wa Kaub. Yeyote aliyewahi kusimamishwa na gunia lake kwenye geti la ushuru wa mazao atautambua mtindo. Mbele kidogo kuna jabali la Lorelei, mita 132, ambako inasimuliwa kuwa mrembo mchana nywele aliwapoteza mabaharia. Chunusi wetu wana ukoo mrefu. Huyu wa Kijerumani alibuniwa na mshairi Clemens Brentano mwaka 1801, lakini abiria hupiga picha jiwe hilo kwa heshima zote.

Na hapo hapo Kaub ndipo lilipo jambo ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza na huulizwa mwisho: kina cha maji. Kuanzia Iffezheim kwenda baharini Rhine haina mabwawa tena, inategemea mvua na theluji ya Alps, na kipimo cha Kaub ndicho huwakosesha manahodha usingizi. Oktoba 2018 kilishuka hadi sentimita 25. Agosti 2022 kilikwenda chini ya 40. Hicho si kina chote, njia ya meli ni zaidi ya hapo, lakini inatosha kuzuia chombo kilichojaa vitanda. Maji yakizidi nayo, madaraja huwa mafupi. Matokeo ni mamoja: meli inabaki gatini, wazee wanapandishwa basi, na wakati mwingine hukutana njiani na abiria wa meli nyingine wakabadilishana vyumba. Sanduku lililoapiwa kufunguliwa mara moja linafungwa, na kijana wa Tanga anapata zamu za ziada. Mtu wa Kisangani, ambaye Kinshasa iko mbali naye kilomita 1,700 na zaidi kwa mto, angeulizia maji kabla hajauliza bei. Wa hapa huulizia aina ya mto wa kulalia. Menyu ya mito ipo kweli kwenye baadhi ya meli.

Shangazi sasa ameanza kuulizia upande wa Danube, kwa kuwa amesikia inapita Vienna na Budapest. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, uchaguzi wa mto huanzia ubalozini. Basel hadi Amsterdam ni Uswisi, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, zote ndani ya Schengen. Visa moja ya kuingia mara moja inatosha. Danube kutoka Passau hadi Budapest ni hivyo hivyo. Lakini meli ikishuka mpaka Belgrade imetoka Schengen, maana Serbia haimo, na kurudi kunahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Ada ya visa ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi hata mwombaji akinyimwa, na kwa kawaida kampuni za meli, hata zile zilizomeza bakshishi na mvinyo, haziijumlishi kwenye bei.