Paka Mwenye Sauti Yangu

"Huyu bosi akilipa kabla ya tarehe kumi, mimi nachinja ng'ombe!"

Maneno hayo yalitoka Jumamosi iliyopita kwenye spika mbili kubwa, siku ya watoto wa darasa letu la kompyuta kuonyesha kazi zao, wazazi wamejaa kwenye viti vya plastiki na bosi mwenyewe kaketi mstari wa mbele. Msemaji alikuwa paka wa rangi ya chungwa. Sauti ilikuwa yangu, mimi mwalimu wao.

Paka huyo ni wa Scratch, programu iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Mtoto hachapi amri. Anavuta vitofali vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na paka anatii. Anaweza pia kurekodi sauti. Binti mmoja wa miaka minane alitakiwa arekodi "nyau". Akabonyeza kitufe wakati mimi niko dirishani, nambembeleza mwenye nyumba kwenye simu. Nyau yake ilitoka hafifu. Ng'ombe wangu alitoka safi kabisa.

Hapa mniwie radhi, maana ndipo penye utamu. Scratch ina vitofali viwili vya kupiga sauti. Kimoja huianzisha na kuendelea na safari. Kingine hungoja mpaka iishe. Ukikitia kile cha kwanza ndani ya kitofali cha kurudia bila mwisho, sauti inaanzishwa upya mara kama 30 kwa sekunde, haifiki hata silabi ya pili, na unachosikia ni mkwaruzo tu. Binti akanijia na hedifoni zake: "Ticha, paka wangu ana kigugumizi." Nikamweleza tofauti kwa mapana na marefu. Akabadilisha kitofali, akasikiliza, akatabasamu. Sijafundisha somo zuri kuliko lile mwaka huu, na kauli hiyo siifuti.

Hakuishia hapo. Paka wa Scratch anaweza kujinakili, na binti akaagiza kila nakala inapozaliwa nayo ijinakili, isogee kidogo, iandike NG'OMBE juu ya kichwa chake. Hesabu hiyo haina breki. Waliotengeneza programu walilijua hilo, wakaweka kikomo cha nakala 300, vinginevyo kompyuta ingezimia. Basi ukuta wa projekta ukafurika paka, sauti yangu ikirudia ahadi ile. Wazazi walipiga makofi. Baba mmoja akauliza supu ni saa ngapi. Bosi alicheka kile kicheko cha mtu aliyezungukwa na wateja.



Na mshahara wetu huchelewa kwa nini? Anzia kwenye kitabu cha masomo: kinatuagiza tumtengeneze mtu wa theluji, sisi tulioko Dar es Salaam, mwezi wa Januari, jasho likitutiririka. Hakibadilishwi, kwa sababu si chetu. Bosi amekodi jina, nembo na masomo kutoka kwa kampuni ya ng'ambo. Alilipa ada ya kuingia, na kila mwezi huipelekea sehemu ya mapato. Hiyo haichelewi hata siku moja, maana mkataba una meno. Kisha pango, kisha intaneti. Mwalimu yuko mkiani, tena analipwa saa za darasani tu; kuandaa somo, kufufua laptopu na kupokea simu za wazazi usiku huitwa moyo wa kujitolea. Watoto wasipokuja kwa sababu ya mvua, saa hiyo inafutwa. Ada ya muhula mzima ilishapokelewa kabla mtoto hajagusa kipanya. Hapo mimi sicheki.

Mzazi, ukienda kulipia muhula ujao, muulize bosi mwalimu analipwa lini. Na umuulize mbele za watu.